Binti Aliyesemwa Kuwa Hakurudi

Nyumba ya Bwana Muhiddin ilikuwa Mkunazini, ndani ya uchochoro mwembamba kiasi kwamba watu wawili wakikutana na vikapu vyao, mmoja hubidi arudi nyuma. Chini, ukumbini, alikaa mama yake, Bi. Kurwa, na mlango mkubwa wa mbele haukutoka machoni mwake tangu asubuhi hadi magharibi. Juu, baada ya ngazi ishirini na mbili, alikaa mkewe, Mwanakheir.

Mwanakheir aliingia nyumba hiyo mwaka 1947, akiwa na miaka kumi na minane. Alikuwa amemaliza darasa la nane, na wasichana waliofika huko siku zile walikuwa wa kuhesabika. Mwalimu mkuu wake alikwishaliandika jina lake miongoni mwa watakaosomea ualimu, lakini posa ikawahi. Baba yake alimwita akamwambia kijana ni wa watu, ana kazi ya ofisini, na ukoo wao haujui kelele. Yote hayo yalikuwa kweli. Hakuna aliyemwambia kwamba katika ukoo huo mke hatoki ila kwa harusi, matanga na hospitali, na akitoka hatoki peke yake.

Dirisha la chumba chake lilikuwa la vibao vya kulaza, na kupitia vibao hivyo aliona utosi wa dunia. Miaka ikapita akawa anazijua kofia za wapita njia wote wa uchochoro ule, ipi ina doa la mafuta, ipi imefumwa upya ukingoni, lakini nyuso zilizokuwa chini ya kofia hizo hakuzijua. Mtoto hakujaaliwa. Bi. Kurwa hakulisema hilo kwa maneno. Ila kila jirani alipojifungua, yeye ndiye aliyezipanda ngazi zote ishirini na mbili, na magoti yake mabovu, kuleta habari.

Mwaka 1952 Bwana Muhiddin, aliyekuwa karani katika ofisi moja ya serikali, aliongezewa kazi. Palikuwa na kamati ya kuchagua hadithi za kusomwa na watoto wa darasa la tano na la sita, na kamati ilitaka wasomaji. Msomaji alipewa kitabu au mswada, akausoma wote, kisha akaandika ripoti ya ukurasa mmoja kusema unafaa au haufai. Bwana Muhiddin alichaguliwa kwa sababu ya hati yake, maana ofisi nzima hapakuwa na mwenye mwandiko mzuri kama wake. Kusoma hadithi, lakini, kulimshinda. Hata ukurasa wa tano hakuufikia, kitabu kikawa kimemlalia kifuani.

Mwanakheir alikiokota palepale kifuani.

"Wewe umekisoma hiki?" Bwana Muhiddin alimwuliza baada ya siku mbili, alipoona uzi umetiwa penye ukurasa wa mwisho.

"Nshakimaliza. Na kile kingine pia."

"Vipi, vinafaa?"

"Kile kingine hakifai. Watoto wamepotea msituni, lakini kila wakichoka anatokea mzee akawapa chakula na nasaha. Mtoto gani ataogopa hapo? Hiki ndicho. Humu wamepotea kwelikweli."

Bwana Muhiddin aliyaandika maneno hayo karibu kama yalivyosemwa, na kamati ikayasifu. Tangu hapo ndivyo ilivyokuwa. Yeye huleta vitabu ndani ya mkoba wa ngozi, Mwanakheir huvisoma, huandika rasimu kwa kalamu ya risasi juu ya karatasi zilizofungiwa vitu vya dukani, na Ijumaa baada ya sala Bwana Muhiddin hukaa mezani akainakili kwa hati ile ya kuringia. Akitia saini, rasimu huingia mekoni chini ya chungu.

Hakuna aliyewahi kumfundisha Mwanakheir namna ya kuchagulia watoto hadithi za misukosuko, lakini alikuwa na rai zake na alizishika. Aliandika kwamba hadithi ya safari isianze kwa mawaidha, kwa kuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja hatafuti mawaidha mpaka kwanza aone kuna nini cha kuogopa. Aliandika kwamba hatari iwe na ukubwa wake, isije ikawa joka linalogeuka kamba baada ya kurasa mbili. Wakubwa wawekwe mbali: wafungiwe ng'ambo ya mto, au wawe wagonjwa, au wawe wamekosea. Mtoto ajiokoe mwenyewe kwa kitu alichokuwa nacho tangu mwanzo, hata kikiwa kisu kibutu. Na kila ripoti aliimaliza kwa kusema ni mtoto wa aina gani apewe kitabu hicho. "Hiki apewe mtoto asiyependa kusoma. Asiambiwe kuwa ni kizuri. Kiachwe tu mahali atakapokaa."

Haya hakuyatoa hewani. Alikuwa na Mize, binti wa Jecha, kaka yake mkubwa Bwana Muhiddin, aliyekaa na watu wake Ng'ambo. Mize alisoma skuli ya wasichana mjini, na kila siku akitoka hupitia kwa bibi yake, hula, kisha hukimbilia chuoni kusoma Kurani. Kati ya kula na chuoni palikuwa na nusu saa, na nusu saa hiyo aliitumia juu, kwenye mkeka wa mama yake mdogo, akisomewa. Mwanakheir hakumwuliza kama hadithi ni nzuri. Alimtazama miguu. Mize akichoshwa na hadithi, kidole gumba cha mguu wa kulia kilichezacheza. Hadithi ikimshika, kilitulia kama kimekufa.

Mwaka 1954, baada ya mvua za masika, mkoba ulileta mswada uliopigwa taipu na mwalimu mmoja wa bara, kurasa tisini, wino umefifia hivi kwamba pengine neno zima lilibidi libahatishwe. Ilikuwa hadithi ya Raya, binti wa miaka kumi na miwili. Mvua imebomoa daraja, wakubwa wote wamekwama sokoni upande wa pili wa mto, na mdogo wake wa kiume ana homa ya kuweweseka. Raya anambeba mgongoni kwa kanga ya mama yake, anamtia ndani ya hori la kulishia ng'ombe, anavuka nalo. Mto unawachukua. Unawapeleka chini, bondeni, kwenye nchi asiyoijua, na kwa siku tatu anatembea na mgonjwa wake kati ya mapango na fisi na watu wasiojua lugha yake, mpaka anafika kwa wauza chumvi wenye dawa. Wanamwambia akae. Hakai. Siku ya nne anarudi nyumbani kwa njia ya milimani, mtoto amepona, na mama yake anampiga kofi moja kabla ya kumkumbatia.

Mwanakheir aliusoma mara tatu. Mara ya pili alimsomea Mize, na walipofika mahali pa hori, Mize alikuwa na kikombe mkononi. Hakukitia mdomoni wala hakukiweka chini. Siku hiyo alichelewa chuoni akachapwa, na kesho yake akaja mapema zaidi.

Ripoti ile ilikuwa ndefu kuliko zote. "Mtoto wa miaka kumi na mmoja aliyesomewa hadithi hii," aliandika, "alisahau chai yake mpaka ikafanya utando. Nnashauri ichapishwe haraka, na iwafikie kwanza wasichana wa darasa la tano, ambao baadhi yao hawatafika la sita."

Bwana Muhiddin alipokuwa akinakili, kalamu yake ilisita hapo. "Hili la mwisho tuliache?"

"Liache lilivyo," Mwanakheir alisema, na yeye akaliacha.

Ndilo lililoleta taabu. Kwenye kamati baadhi ya wakubwa waliguna, wakasema hadithi hiyo itawafundisha mabinti kukimbia majumbani. Wengine waliitetea. Ikaamuliwa msomaji aitwe aeleze mwenyewe. Barua ya wito ilimfikia Bwana Muhiddin asubuhi ya siku yenyewe, ofisini, naye akarudi nyumbani mbio, jasho limemlowesha kanzu mgongoni.

"Nieleze," alimwambia mkewe akiwa bado amesimama mlangoni. "Upesi."

Mwanakheir alianza mwanzoni. Hilo alijilaumu kwalo maisha yake yote, kwamba hakuanza mwishoni. Alieleza daraja, homa, hori. Akaeleza mapango. Bwana Muhiddin alikuwa akibadilisha kanzu na kutafuta vifungo, macho yake kwenye saa ya ukutani.

"Kisha anafika kwa wauza chumvi, wanamwambia akae nao, naye…"

"Yatosha, yatosha, nshaelewa."

"Ngoja, bado mwisho."

"Nnakwambia nshachelewa!" Akashuka ngazi mbili mbili, na Mwanakheir akasimama juu na maneno yaliyobaki mdomoni. Alifika hadi ngazi ya tatu kumfuata. Mlango mkubwa ukafungwa. Bi. Kurwa akainua macho kumtazama kutoka ukumbini, naye akapanda tena juu.

Siku ile kidirishani hakuziona kofia. Alasiri Bwana Muhiddin alirejea, akavua koti, akaomba maji.

"Wamekikataa," alisema.

"Kwa nini?"

"Wanasema binti anakimbia kwao, anakaa na watu baki, harudi. Wasema mzazi gani atakubali."

"Nani kawaambia harudi?"

Bwana Muhiddin alikunywa maji yote. Alikiweka kikombe chini polepole sana.

"Uliulizwa," Mwanakheir akasema. "Uliulizwa kama anarudi, na hukujua."

"Uliniambia wanamwambia akae."

"Nilikuwa sijamaliza kukwambia! Raya anarudi, Bwana. Anarudi kwa miguu yake, na mtoto mgongoni. Hadithi yote ni ya kurudi."

"Basi nifanyeje? Nende nikaseme kitabu nilichokiandikia ripoti sijakisoma?" Hakupandisha sauti. Alisema kama mtu anayeuliza kwelikweli na hana mtu mwingine wa kumwuliza.

Mume akisema kweli, ataaibika. Asiposema, mswada utarudishwa bara ndani ya bahasha, na mwalimu wa watu ataambiwa amekataliwa kwa jambo ambalo hakuliandika. Na katika mji mzima, mbali na mumewe, mtu aliyejua hayo yote alikuwa mmoja, naye hana ruhusa ya kufika hata kwenye baraza ya nyumba yake.

Alikaa nalo siku nne. Siku ya tano alichukua karatasi safi, si ya dukani, akaandika kwa wino. Barua aliielekeza kwa Bi. Tabia, mwalimu mkuu wa skuli ya Mize, ambaye Mize alimtaja mara nyingi; alimchagua kwa kuwa alikuwa mjumbe wa kamati na mwanamke pekee mle ndani. "Nimesikia," aliandika, "kwamba hadithi ya Raya imekataliwa kwa sababu binti harudi. Mimi hadithi hiyo nimeisoma. Anarudi, ukurasa wa themanini na saba. Tafadhali fungua ukurasa huo kabla mswada haujatiwa posta." Akatia jina lake lote, la baba na la babu. Tangu cheti cha darasa la nane hakuwa ameliandika mahali popote.

Mize aliichukua skuli ndani ya daftari la hesabu.

Wiki iliyofuata, saa nne za asubuhi, hodi ikapigwa, na Bi. Tabia akaingia na buibui lake na viatu vya kufunga kamba. Bi. Kurwa alimkaribisha ukumbini kwa heshima zote, akapiga ukelele wa kahawa, na Mwanakheir akashuka na sinia. Alimwamkia mgeni, akakaa ukingoni mwa zulia.

"Nimekuja kumjua mama wa mwanafunzi wetu Mize," Bi. Tabia alisema, "nikaambiwa mama yake yuko Ng'ambo, lakini mwalimu wake yuko hapa."

"Mwalimu gani!" Bi. Kurwa alicheka. "Humsomea vihadithi tu, mtoto atulie."

"Vihadithi hivyo ndivyo ninavyovitaka, Bi. Kurwa." Akamgeukia Mwanakheir. "Ule ukurasa niliufungua. Ni kweli ulivyosema. Mkutano ujao nitalisema, nitawaambia Bwana Muhiddin alichanganya miswada miwili, kwa kuwa husoma mingi. Hilo litapita." Alikunywa kahawa kidogo. "Kuna mtoto mmoja alisahau chai yake mpaka ikafanya utando. Nilipokuwa nikiisoma barua yako nilimkumbuka mtoto huyo, sijui kwa nini."

Mwanakheir aliinamisha kichwa. Sauti ile ilikuwa moja, kwenye barua na kwenye ripoti, na mgeni alikuwa ameitambua.

"Nina wasichana arubaini na wawili darasa la tano," Bi. Tabia aliendelea, safari hii akisema na Bi. Kurwa. "Vitabu vipo kabatini na hawavigusi, maana hakuna wa kumwambia huyu kisome hiki, na wewe kisome kile. Nataka Mwanakheir aje Jumatano moja moja, saa moja tu. Skuli ni ya wanawake watupu, na hata bawabu hukaa nje."

Bi. Kurwa alirekebisha kanga yake. "Hayo ni ya mumewe kuyasema," alijibu, na hakuna aliyeweza kumlaumu, maana ndivyo ilivyokuwa.

Bwana Muhiddin aliambiwa na mama yake kabla hajavua viatu. Alipanda juu, akakaa juu ya kasha la nguo.

"Ulimwandikia barua?"

"Nilimwandikia kwamba Raya anarudi."

"Kwa jina lako?"

"Kwa jina langu. Lako sikulitaja."

Alivua tarbushi, akawa anaizungusha mikononi. "Miaka miwili wananiita msomaji, Mwanakheir. Wakubwa hunisimamisha ukumbini wakaniuliza nnasoma nini. Tangu nizaliwe sijaulizwa kitu kama hicho. Ukisimama mbele ya wasichana wale ukafungua mdomo, mwenye masikio atajua siku hiyohiyo. Mimi nitaiweka wapi sura yangu?"

"Sikuombi useme lolote. Nnaomba Jumatano. Mama na aje nami, akae mlangoni."

"Haiwezekani."

"Kwa ajili ya mama, au kwa ajili yako?"

Laiti Bwana Muhiddin angekasirika, Mwanakheir angepata cha kushindana nacho. Lakini aliketi tu pale juu ya kasha, mtu mzima amenywea, akiizungusha kofia yake, na huruma aliyomwonea ilimfunga kuliko mlango wa chini. Kesho yake alileta halua, akaiweka mezani. Ililiwa na Mize.

Baada ya mwezi alikuja na habari mbili kwa pamoja. Ya kwanza, kamati imeipitisha hadithi ya Raya. Mwanakheir alifunika uso kwa mikono miwili. Ya pili, ameomba kuhamishwa kwenda bohari, kwenye chaki na madaftari, na kazi ya kusoma amepewa mwingine. Kwa hivyo vitabu havitakuja tena.

Navyo havikuja. Mkoba wa ngozi ulirudi kila alasiri ukiwa mtupu, Mwanakheir akiutazama kwa mazoea. Akawa anamsimulia Mize hadithi zilezile za zamani kutoka kichwani, mpaka kidole gumba cha Mize kikaanza kucheza. Mwanzo wa mwaka uliofuata Jecha alimtoa binti yake skuli. Alikuwa ametimu miaka kumi na miwili. Alikuja Mkunazini kukaa na bibi yake, apate adabu za nyumba kubwa, na sasa waliochungulia kofia kwenye vibao vya dirisha walikuwa wawili.

Mwaka 1957, baada ya Ramadhani, tarishi wa skuli alileta kifurushi. Juu yake paliandikwa "Bi. Mwanakheir", na Bi. Kurwa alimtaka tarishi alisome jina hilo mara mbili kabla hajakipokea. Ndani mlikuwa na kitabu kipya, chenye harufu ya gundi, na kikaratasi: "Walikubali kwa sharti. Nilisema, nikashindwa. Nisamehe. Tabia."

Jaladani palikuwa na picha ya mvulana aliyevaa kaptura, amesimama ndani ya hori.

Walikaa mkekani, Mize akasoma kwa sauti. Alifika mstari wa tatu akanyamaza. "Mama mdogo, Rashidi ni nani?"

Mwanakheir alikichukua kitabu akafunua kurasa, moja, kumi, arubaini. Rashidi, Rashidi, Rashidi. Mto ulikuwa ni uleule, na fisi na wauza chumvi walikuwapo. Ukurasa wa mwisho alirudi nyumbani akiwa na mtoto mgongoni, na kofi halikuwapo, maana Rashidi alipokewa kwa vigelegele.

"Huyu si Raya," Mize alisema. Alikuwa na miaka kumi na minne, posa imeshaletwa. "Wamemtoa. Wamemtoa hata humu!" Akalia kama mtoto mdogo, na Mwanakheir, ambaye hakuwa amelia siku ya kofia na kasha, wala siku ile mkoba ulipoanza kurudi mtupu, alilia naye.

Kisha akaenda kutafuta wino.

Ilichukua alasiri nane. Mize alisoma, akasimama kila penye Rashidi, na Mwanakheir akalikata jina kwa mstari mmoja mwembamba, juu yake akaandika Raya. Lugha yenyewe iliwarahisishia. Aliamka, akalia, akavuka, akaanguka: maneno hayo hayaulizi mwenye kutenda ni mwanamume au mwanamke. Ilibidi "kaka" irudi kuwa "dada", "shuka ya baba" iwe tena "kanga ya mama", na "mvulana" kila alipo awe "msichana", na hapo kazi ikawa karibu imekwisha. Kurasa za mapango kamati ilikuwa imeongeza sentensi moja iliyosema kwamba mvulana hodari haogopi giza. Mwanakheir aliifuta yote, na pembeni akaandika kwa kumbukumbu maneno ya mswada: Raya aliogopa mpaka meno yakagongana, lakini mtoto alikuwa na kiu. Mwishoni akarudisha kofi. Jalada wakalifunika kwa karatasi ya kahawia.

Msomaji wa kwanza alikuwa Sichana, rafiki yake Mize wa darasani, aliyewekwa ndani kwao, mtaa wa Malindi. Kitabu kilikwenda kwa mikono ya mama zao, wakati wa kutembeleana, chini ya buibui. Ndani yake Mwanakheir alitia karatasi: "Mara ya kwanza kisome peke yako. Kurasa za mto usizisome huku unapika. Kofi la mwisho lisikukasirishe, lifikirie. Ukimaliza mpe mwenzio asiyetoka. Mwanakheir." Kutoka Malindi kilikwenda Ng'ambo, nyumba tatu. Akasikia kiko Mpendae. Akasikia bibi harusi mmoja wa Nungwi amekichukua ndani ya sanduku lake la nguo, na baada ya hapo hakusikia tena.

Mwaka mmoja na zaidi ukapita. Mize aliolewa. Siku moja palikuwa na matanga nyumba ya pili, Mwanakheir akaruhusiwa kwenda, na akiwa ameketi kati ya wanawake, binti mmoja asiyemjua alimsogelea mpaka magoti yakagusana.

"Shikamoo. Ndiye wewe Bi. Mwanakheir? Wa karatasi?"

"Marahaba. Ndiye mimi."

"Kipo kingine?"

Mwanakheir alimtazama. Alikuwa na umri wa Raya, pengine mwaka mmoja zaidi, na mkono wake ulikuwa umeshika ncha ya buibui la Mwanakheir kana kwamba atakimbia. "Hakuna," alisema. "Lakini nitatafuta."

Kesho yake, mchana, wote watatu wakiwa kwenye sinia la wali, alisema mbele ya mkwe wake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya: "Bwana, nnataka vitabu vya hadithi, vya watoto wa darasa la tano. Nnavitaka kwa jina langu, vya kuwaazima watu."

Bi. Kurwa aliacha kutafuna. Bwana Muhiddin alichambua mwiba wa samaki, akauweka ukingoni mwa sinia.

"Vingapi?" aliuliza.

Alileta vitatu, baada ya mwezi mzima, na kimoja kilikuwa cha ufugaji wa kuku. Mwanakheir alivisoma vyote, hata hicho. Viwili vilivyobaki, kimoja kilikuwa kibovu na kingine kilikuwa na kisiwa na moto na watoto wanne waliogombana vizuri sana. Hicho alikitia karatasi akakituma kwa yule binti. Skuli ya Bi. Tabia hakupata kuingia, Jumatano yoyote, ila vifurushi viliendelea kutoka kwa mlango mkubwa mara moja au mbili kwa mwezi, mbele ya macho ya Bi. Kurwa, ambaye siku moja alimwuliza mkwewe, akitazama pembeni, yule mtoto wa kwenye hori mwisho wake ulikuwaje.